Kuwasha laptopu iliyosimbwa kwa flashi unayotembea nayo: mwongozo kwa watumiaji wa Lubumbashi

Hata ukisimba diski nzima ya laptopu, kuna kipande kinachobaki wazi. Mashine haiwezi kukuuliza nenosiri kabla ya kusoma programu ya kuliuliza, na programu hiyo lazima ikae mahali panaposomeka bila nenosiri. Kwenye Linux mahali hapo ni sehemu mbili ndogo za diski: sehemu ya EFI, inakokaa GRUB (programu inayoanzisha mfumo), na `/boot`, inakokaa keneli (kiini cha mfumo) pamoja na faili ya initrd (mfumo mdogo wa muda unaokuuliza nenosiri). Anayeipata laptopu yako kwa robo saa hana haja ya kuvunja usimbaji. Anabadilisha initrd, anairudisha laptopu ilipokuwa, anaondoka. Jioni unaandika nenosiri kama kawaida, na kitu alichokiacha ndani kinalinakili. Mtafiti wa Poland, Joanna Rutkowska, aliipa mbinu hii jina la "mjakazi mwovu" mwaka 2009, akifikiria laptopu iliyoachwa katika chumba cha hoteli.

Hapa kwetu chumba cha hoteli ni mfano mmoja tu. Laptopu hulala kwa fundi. Hubaki ofisini wakati wa mapumziko ya mchana. Mpakani Kasumbalesa inaweza kuwekwa kwenye meza ya ukaguzi nawe ukaambiwa usubiri nje. Kwa wakili, mhasibu wa kampuni ya madini, mwandishi wa habari au mfanyakazi wa shirika la haki za binadamu, jambo hili linastahili saa chache za kazi.

Dawa yake ni kuzihamisha zile sehemu mbili kwenye flashi (wengi mjini huiita kle) na kuibeba flashi hiyo mfukoni. Ndani ya laptopu kunabaki diski iliyosimbwa mwanzo hadi mwisho, isiyo na chochote cha kuwashia. Flashi hii haichukui nafasi ya nenosiri: aliye na flashi bila nenosiri hafungui kitu, na aliye na nenosiri bila flashi itabidi aondoe diski au alete kiwashio chake.

Vifaa

Laptopu yenye UEFI (programu ya ndani inayoiwasha mashine) ya biti 64. Karibu zote za miaka kumi iliyopita zinayo. Flashi tatu: moja ya kusakinishia, mbili za kuwashia. GB 8 kwa kila moja inatosha na kuzidi. Ile ya kusakinishia iwe ya ukubwa tofauti, kwa mfano GB 16, kwa sababu msakinishaji atakuonyesha majina kama `sda` na `sdb`, na ukubwa ndio utakaokuzuia kufuta usiyokusudia. Za kuwashia ziwe ndogo, za chuma, zenye tundu la kamba: zitaishi pamoja na funguo za nyumba, na vumbi jekundu la kiangazi cha Katanga huingia katika kila tundu lisilofunikwa. Ongeza diski ya nje ya kuhifadhia nakala ya kazi zako, maana diski ya laptopu itafutwa yote.

Flashi za sokoni zipimwe kabla ya kuaminiwa. Nyingi zimeandikwa GB 64 huku ndani zikiwa na GB 8, na zinapojaa huharibu faili bila kutoa onyo. Kwenye Linux pima kwa programu ya f3:

`f3write /media/jina/flashi`
`f3read /media/jina/flashi`

Amri ya kwanza huijaza flashi, ya pili husoma kilichoandikwa na kusema kiasi gani kimepotea. Ikipotea hata MB chache, usiitumie kwa kazi hii. Kwenye Windows, H2testw hufanya kazi hiyohiyo.

Mfumo tunaoutumia hapa ni Debian 12 au 13, aina mojawapo ya Linux. Picha (faili ya kusakinishia) ya netinst ni chini ya GB 1, lakini wakati wa kusakinisha itavuta vifurushi vingine kwenye intaneti na kumaliza mega zako. Ukiweza kupata mtandao mzuri mara moja, chukua picha ya DVD, usakinishe nyumbani bila intaneti. Hakikisha jumla ya SHA512 (alama ya kipekee ya faili) ya faili uliyopakua inalingana na ile iliyo katika orodha ya Debian. Ukianza na picha iliyochezewa, kila kitu kinachofuata ni bure. Ikilingana, iandike kwenye flashi ya kusakinishia.

Nenosiri, na shida ya AZERTY

Jambo hili huwakwamisha watu wengi kuliko mengine yote. Lubumbashi ina laptopu za aina mbili: zilizotoka Ulaya zikiwa na kibodi ya AZERTY (mpangilio wa Kifaransa), na zilizotoka Afrika Kusini au Dubai zikiwa na QWERTY (wa Kiingereza). Debian huingiza mpangilio wa kibodi yako ndani ya initrd, kwa hiyo siku za kawaida hutaona tatizo. Lakini siku ukilazimika kuifungua diski kwa flashi ya uokoaji, au kwa kibodi ya nje ya jirani, mpangilio hubadilika. Herufi zinazoandikwa hazionekani, nawe unabaki unaambiwa nenosiri si sahihi ilhali unalijua kama jina lako.

Suluhisho ni nenosiri linaloandikika sawa kwenye kibodi zote mbili. Herufi zinazohama ni a, q, z, w na m. Tarakimu nazo huhitaji Shift kwenye AZERTY, na alama nyingi zina mahali tofauti. Ziepuke zote, pamoja na herufi zenye alama za Kifaransa. Kwa Kiswahili kukwepa a si rahisi, lakini maneno yapo: pilipili, jogoo, kiti, ndege, chungu, shingo, kisu, uji.

Fungua kamusi, andika maneno 216 ya namna hiyo, uyape namba za dadu kuanzia 111 hadi 666. Rusha dadu mara tatu kwa kila neno, mpaka upate maneno manane, uyaandike kwa kuacha nafasi kati yake. Michanganyiko inayowezekana ni namba yenye tarakimu 19, na LUKS2 (mfumo wa Linux wa kusimba diski), kwa kutumia hesabu ya Argon2id, hulifanya kila jaribio liwe zito kwa makusudi. Usichague maneno kwa kichwa: kichwa huchagua sentensi yenye maana, na yenye maana hukisiwa. Usirushe tena kwa sababu neno halikukupendeza.

Kutayarisha mashine

Ingia katika mipangilio ya fimwea, yaani hiyo UEFI. Dell hufunguka kwa F2, HP kwa F10, ThinkPad kwa F1. Menyu ya kuchagua kifaa cha kuwashia ni F12 kwa Dell na ThinkPad, F9 kwa HP. Angalia hali ya diski: ikiwa imewekwa RAID au RST ya Intel, ibadilishe iwe AHCI, la sivyo msakinishaji anaweza asiione diski ya ndani kabisa. Secure Boot (ukaguzi wa saini ya kiwashio) iache ikiwaka, Debian inaikubali.

Kusakinisha

Chomeka flashi ya kusakinishia na moja ya kuwashia. Fanya kazi hii betri ikiwa imejaa, maana delestaje (mgao wa umeme) haitoi taarifa. Chagua kibodi inayolingana na vitufe unavyoviona kwa macho. Ukifika kwenye ugawaji wa diski, kataa njia zote za kuongozwa, uchague ya mkono. Zile za kuongozwa zitaiweka `/boot` kwenye diski ya ndani, na hapo hujafanya kitu.

Kwenye flashi ya kuwashia tengeneza jedwali jipya la GPT (orodha ya sehemu za kifaa), kisha sehemu mbili: ya kwanza MB 512, aina ya EFI, ya pili GB 2, ext4, mahali pa kupachikwa `/boot`. Nafasi inayobaki iache tupu. Watu hushawishika kuitumia kwa picha na muziki. Flashi hii isichomekwe kwenye kompyuta nyingine yoyote, hata ya kaka yako.

Kwenye diski ya ndani tengeneza pia jedwali jipya la GPT. Hatua hii huondoa sehemu ya EFI ya zamani, ambayo ikibaki msakinishaji anaweza kuichagua badala ya ile ya flashi. Tengeneza sehemu moja tu inayochukua diski yote, uitangaze kuwa ya kusimbwa. Utaulizwa kama data za zamani zifutwe kwa kuandikiwa juu. Kwa SSD au diski mpya jibu hapana. Kwa diski ya sahani iliyowahi kubeba kazi zako bila kusimbwa, jibu ndiyo na uiache ifanye kazi, hata ikichukua saa nyingi. Baada ya kuweka nenosiri, ndani ya sehemu iliyosimbwa tengeneza LVM (ugawaji wa ndani) yenye swap na mzizi (`/`). Swap isikae nje ya usimbaji: humo hutupwa vipande vya kumbukumbu ya mashine, pamoja na barua ulizokuwa unaziandika.

Kabla ya kukubali, soma muhtasari polepole. Diski ya ndani lazima ionyeshe sehemu moja tu. `/boot` na EFI lazima ziwe kwenye kifaa chenye ukubwa wa flashi yako ya kuwashia.

Baada ya kuwaka mara ya kwanza

Ingia kama root kwa `su -`. Jambo la kwanza ni kuiweka GRUB mahali ambapo fimwea yoyote itaikuta. Msakinishaji huandika kumbukumbu ya kiwashio ndani ya laptopu yenyewe, lakini fimwea nyingi huifuta kumbukumbu hiyo zikiwashwa bila flashi. Kesho yake mtu anachomeka flashi yake na kuambiwa hakuna mfumo. Endesha:

`dpkg-reconfigure grub-efi-amd64`

Ukiulizwa kama GRUB iwekwe pia kwenye njia ya vifaa vya kuchomoka, jibu ndiyo. Kisha hakikisha faili `/boot/efi/EFI/BOOT/BOOTX64.EFI` ipo.

Jambo la pili ni `/etc/fstab`. Kwa kawaida mfumo hutaka kuzipachika `/boot` na `/boot/efi` kila unapowaka. Ukiwa umeshachomoa flashi, utasubiri sekunde 90 kisha utatupwa kwenye hali ya dharura. Iongeze `noauto` kwenye mistari yote miwili, bila kugusa UUID (namba za utambulisho) zake:

`UUID=... /boot ext4 noauto,nodev,nosuid 0 2`
`UUID=... /boot/efi vfat noauto,umask=0077 0 1`

Tangu hapo, swali la nenosiri likishaonekana unaweza kuchomoa flashi. Keneli na initrd zimeshaingia kwenye RAM.

Jambo la tatu hurukwa na wengi, na ndilo linaloleta maumivu ya baadaye:

`umount /boot/efi`
`umount /boot`
`chattr +i /boot`

Flashi isipopachikwa, `/boot` ni folda tupu kwenye diski ya ndani. Sasisho la keneli likija wakati huo litaandika faili zake ndani ya folda hiyo bila kulalamika, na flashi itabaki na keneli ya zamani. Baadaye moduli za keneli ile ya zamani zinafagiliwa. Laptopu itawaka, lakini Wi-Fi haipo, sauti haipo, na hakuna anayeelewa kwa nini. Kwa `chattr +i` folda tupu inafungwa isiandikwe, na sasisho linagoma palepale. Kugoma huko ni kwa faida yako. Ukikuona, chomeka flashi, pachika, kisha `dpkg --configure -a` na `apt -f install`.

Sasa zima, chomoa flashi, washa. Mashine iseme haikupata kitu cha kuwashia. Ikiwaka, kuna kiwashio kilichobaki kwenye diski ya ndani. Rudi na `lsblk -f` uangalie: diski ya ndani iwe na sehemu moja, aina ya `crypto_LUKS`, basi.

Rudi pia kwenye fimwea: USB iwe ya kwanza, kuwasha kwa mtandao kuzimwe, kisha weka nenosiri la msimamizi wa fimwea. Liandike kwenye karatasi na uiweke nyumbani mahali pa usalama. Kwenye laptopu nyingi za kazi nenosiri hili haliondoki kwa kutoa betri ndogo ya ubao, na ukilisahau unaweza kulazimika kubadilisha ubao mzima.

Flashi ya pili

Usimalize siku bila kuitengeneza. `/boot` ikiwa haijapachikwa, tazama majina kwa `lsblk -o NAME,SIZE,MODEL`, kisha nakili nzima kwa nzima:

`dd if=/dev/sdX of=/dev/sdY bs=4M status=progress conv=fsync`

X ni ya kwanza, Y ni ya pili. Ukizigeuza utafuta flashi nzuri, kwa hiyo soma mstari mara mbili kabla ya kubonyeza. Ya pili isiwe ndogo kuliko ya kwanza hata kidogo. Flashi mbili za "GB 8" za viwanda tofauti zinaweza kutofautiana, na nakala itakatika mwishoni. Baada ya hapo flashi mbili zina UUID zilezile, kwa hiyo usizichomeke pamoja wakati wa kuwasha. Ijaribu ya pili kwa kuwasha nayo kweli, kisha ipeleke mahali pengine: nyumba ya mzazi, kasha la ofisi. Zote mbili zikikaa kwenye begi la laptopu, mwizi wa begi atakuachia kazi ya kuanza upya.

Hifadhi pia kichwa cha LUKS, yaani sehemu ya mwanzo ya diski iliyosimbwa inayobeba ufunguo uliofungwa kwa nenosiri lako. Kikiharibika, nenosiri sahihi halisaidii kitu:

`cryptsetup luksHeaderBackup /dev/nvme0n1p1 --header-backup-file kichwa.img`

Badilisha jina la diski kulingana na yako. Faili ni MiB 16. Iweke kwenye diski ya nje iliyosimbwa nayo. Kumbuka kuwa nakala hii inalikubali nenosiri lililokuwapo siku ilipotengenezwa. Ukibadilisha nenosiri kwa sababu mtu ameliona, futa nakala ya zamani na utengeneze mpya, la sivyo mlango wa zamani uko wazi.

Wako wanaopenda kukiondoa kichwa chenyewe kwenye diski na kukiweka kwenye flashi pekee, ili diski ionekane kama takataka zisizo na maana. Inawezekana, lakini flashi zote mbili zikipotea bila nakala ya kichwa, kazi yako imekwenda. Kwa watu wengi hatuishauri.

Matumizi ya kila wiki

Masasisho yawe na mpangilio mmoja, kila mara:

`mount /boot && mount /boot/efi`
`apt update && apt upgrade`
`umount /boot/efi && umount /boot`

Kisha, kama keneli ilibadilika, nakili upya flashi ya pili. Usianze sasisho la keneli betri ikiwa chini ya nusu. Umeme ukikatika na betri iliyochoka ikazimika katikati ya kuandika, sehemu ya EFI ndiyo huumia kwanza, kwa kuwa FAT haina daftari la kujirekebisha kama ext4. Ikitokea, washa kwa flashi ya pili; ukishaingia, ichomoe, chomeka iliyoumia na uirekebishe kwa `fsck.vfat -a` kwenye sehemu yake ya kwanza. Ikishindikana, inakili upya kutoka ile ya pili.

Chukua pia alama za faili za flashi, uziweke ndani ya diski iliyosimbwa, kila baada ya sasisho, flashi ikiwa bado imepachikwa:

`find /boot -type f ! -name grubenv -exec sha256sum {} + > /root/boot.sha256`

Faili ya grubenv tunaiacha kwa sababu GRUB yenyewe huibadilisha. Amri ya `sha256sum -c /root/boot.sha256` itakuonyesha kama kuna kilichoguswa. Lakini ukaguzi huu ni wa kujituliza kuhusu flashi uliyokuwa nayo muda wote. Flashi iliyowahi kutoka mikononi mwako usiwashe nayo ndipo uikague, maana kama imechezewa, initrd yake imeshalichukua nenosiri kabla ukaguzi haujaanza. Ifute, unakili upya kutoka ile ya pili. Ikipotea kabisa, hakuna siri iliyokwenda nayo: ndani hamna nenosiri wala ufunguo. Na ikirudi baada ya siku tatu mikononi mwa mtu mwema, mshukuru, kisha ifute vilevile.

Delestaje ikianza, wengi hufunga kifuniko ili betri idumu. Laptopu iliyolala bado imeshika ufunguo wa diski kwenye RAM, na anayeichukua katika hali hiyo hahitaji kushindana na usimbaji. Hali ya kuhifadhi kikao kwenye diski haitakubali Secure Boot ikiwaka, kwa sababu keneli ya Debian huizuia. Kwa hiyo unapoondoka mezani, unapopanda gari, unapokaribia mpaka: zima kabisa. Katika `/etc/systemd/logind.conf` unaweza kuweka `HandleLidSwitch=poweroff`, kisha ujizoeze kuhifadhi kazi kabla ya kufunga.

Kuna mambo ambayo mpango huu hauyazuii. Kamera iliyo juu ya bega lako italiona nenosiri. Kifaa kilichofichwa chini ya kibodi kitalinakili. Fimwea iliyobadilishwa itaidanganya hata flashi safi. Kwa vifaa vya kufichwa, paka rangi ya kucha yenye chembe za kumeta juu ya skrubu za chini na upige picha ya karibu. Mpangilio wa chembe haurudiki, na ukilinganisha picha utajua kama kifuniko kilifunguliwa. Kwa virusi vinavyoingia mashine ikiwa wazi na wewe ukiwa kazini, flashi haina la kufanya.

Wanaolazimika kubaki na Windows kwa ajili ya programu za kazi wanaweza kutumia BitLocker ya toleo la Pro pamoja na ufunguo wa kuanzia kwenye flashi, baada ya kuruhusu uthibitisho wa ziada wakati wa kuwasha katika sera za mashine. Tofauti yake ni kwamba kiwashio kinabaki kwenye diski ya ndani. Flashi hubeba ufunguo tu, na kazi ya kugundua kiwashio kilichobadilishwa inaachiwa TPM, chipu ya usalama ya laptopu. Ufunguo huo haufungwi kwa nenosiri, kwa hiyo flashi ya namna hii isipotee kizembe, na ile namba ndefu ya kurejesha iandikwe kwenye karatasi isiyokaa pamoja na laptopu.